Mirija Sitini na Nne ya Walikale

"Saa nane juste," alisema Komanda Jean-de-Dieu, akigonga kioo cha saa yake kwa ukucha. "Saa nane huyu mama anapanda mu jipu, anaenda Masisi kwa parke, mbele ya mwendesha mashtaka. Mama Inspekta, nilikungojea jana yote. Leo singoji tena."

Inspekta Adelaïde alikuwa bado hajavua kofia ya pikipiki. Matope ya njia yalikuwa yamempanda hadi magotini. Aliangalia jipu ya polisi iliyokuwa inanguruma mbele ya jengo, akamwangalia mama aliyetajwa, halafu saa ya Komanda. Ilikuwa saa tano na robo.

"Zima kwanza ile jipu, Papa Komanda. Inamusumbua mutoto."

Mama huyo, Fifi, alikuwa amekaa kwenye kiti kifupi mlangoni pa maabara, Labo ya Pamoja. Hakufungwa mikono, kwa sababu mikono ilikuwa imeshika mtoto. Naomie alikuwa wa miezi mitano, na mguuni alikuwa bado na plasta ndogo, pale sindano ya serumu, maji ya dawa, ilipokaa siku tatu. Kila jipu ilipokohoa alishtuka, akaachia titi, akaanza kulitafuta tena.

"Mama akifungwa, na mutoto anafungwa?"

"Mutoto ananyonya. Atamufuata mama yake. Sheria si mimi niliandika."

Adelaïde akanyoosha mkono kupokea faili. Ilikuwa na kurasa nne. Aliisoma amesimama.

Miaka miwili nyuma vyuo vikuu vitatu vilikuwa vimechoka kununua kila kimoja mashine yake na kuiacha ikioza peke yake. Vikaunganisha nguvu: jengo moja juu ya barabara ya Kitshanga, nje kidogo ya Mweso, groupe moja ya kuzalisha umeme, frigo moja kubwa ya kugandisha. Ndani ya frigo kulikuwa na damu ya kitovu, mrija mmoja kwa kila mtoto aliyezaliwa. Themanini ilitoka milima ya Masisi, sitini na nne misitu ya Walikale. Swali la utafiti lilikuwa fupi. Dawa ya malaria inayopewa watoto wote kwa kipimo kimoja, je, inawafaa wote sawasawa? Zamani damu ya namna hiyo ilipandishwa ndege, na majibu hayakurudi. Safari hii majibu yangepatikana hapa hapa, na bamama wangeyasikia kwa masikio yao wenyewe.

Jana, Alhamisi asubuhi, Fifi, mlinzi wa frigo, alifungua akakuta mirija yote ya Walikale haipo. Ile themanini ya Masisi ilikuwa mahali pake. Kufuli halikuwa limevunjwa. Fifi mwenyewe alipiga kelele, mwenyewe akaita watu. Kabla ya saa sita mratibu wa labo, Profesa Léonard, alikuwa ameisha kusaini mashtaka: wizi, kwa nia ya kuuzia wageni damu ya watu wa msitu.

"Nani anasema kuko wageni wananunua damu?" Adelaïde aliuliza.

"Kila muntu anasema."

"Nitajie mumoja."

Komanda aliangalia juu, kama jina lingeanguka kutoka kwenye bati. "Mama Inspekta, kila muntu ni kila muntu."

"Njo kusema huna hata mumoja."

"Niko naye!" Komanda akachangamka. "Niko na mumoja, nilimushika na muzigo mukononi. Jérémie! Kuya hapa!"

Motari, mwendesha pikipiki aliyekuwa amechuchumaa nyuma ya jipu, akasimama. Jérémie alikuwa mwembamba, koti lake la mvua lilikuwa limefungwa kwa kamba, na pembeni yake kulikuwa na glasiere ya bluu, ile sanduku ya kubebea vitu vya baridi. Kwenye kifuniko paliandikwa kwa rangi nyeupe: LABO YA PAMOJA.

"Alikuwa anashuka nayo njia ya Goma," Komanda alisema. "Nikaifunga na muhuri. Sikugusa. Damu ya bantu, miye nafungua kwa nini?"

"Ndani iko nini, kaka?" Adelaïde alimwuliza motari.

"Nilisema tangu jana, Mama. Hawataki kusikia."

"Sema tena."

"Fromaji."

Askari wawili wakacheka. Adelaïde aliandika saa kwenye PV, ile karatasi ya ripoti ya polisi, akakata muhuri mbele ya wote, akainua kifuniko. Harufu ikatoka kabla ya kitu chochote kuonekana. Mikate minne ya fromaji, jibini ya Nyamitaba, ya njano, imefungwa vizuri kwenye magazeti.

"Ya nani?"

"Ya Prof. Yeye njo alinipigia simu, siku ya Mungu, saa sita, nikitoka kanisani. Akasema: Jérémie, unitafutie mikate mine ya muzuri, nataka kupelekea bakubwa ya chuo. Pitia labo, chukua glasiere." Akamgeukia Komanda. "Damu iko na harufu ya maziwa, Papa?"

"Funga kinywa," Komanda alisema, lakini bila nguvu.

"Alikupigia siku ya Mungu," Adelaïde alirudia, akiandika. "Mulisikilizana vizuri?"

"Vizuri sana. Hata nilisikia watu wanapiga makofi nyuma yake. Alikuwa mu mukutano."

Adelaïde alipiga mstari chini ya neno Jumapili, akamruhusu motari aende na pikipiki yake. Fromaji ilibaki. Akavuta kiti cha pili, akakaa mbele ya Fifi.

"Dada, niambie siku za ufunguo. Moja moja."

"Ijumaa iliyopita, jioni, nilihesabu," Fifi alisema. "Mia moja na makumi ine na ine. Yote ilikuwa mule. Nikatia sinyatire. Mutoto alikuwa anachemka kama sahani ya moto, nikamuachia Edmond ufunguo, nikakimbia naye ku santé, ku zahanati."

"Edmond ni nani?"

"Fundi wetu wa labo. Ye njo anachungaga groupe pia. Muntu muzuri, Mama Inspekta. Siku ya Jumanne, saa sita, aliniletea ufunguo kule kule ku santé. Mutoto alikuwa bado dhaifu. Nilirudi kazini jana. Nikafungua. Nikaona..." Akamhamisha Naomie titi la pili.

"Kati ya Jumanne na jana ufunguo ulikuwa na nani?"

"Na mimi. Shingoni."

"Unaona sasa?" Komanda alisema. Akachomoa kutoka kwenye faili fishi ya joto, karatasi ambayo kila siku mlinzi anaandika baridi ya frigo na hesabu ya mirija. "Edmond alihesabu Jumanne asubuhi: mia moja arobaini na ine. Ameandika, amesaini. Asubuhi yote iko. Saa sita ufunguo iko kwa mama. Jana hakuna. Hata mutoto wa primeri anaweza kumaliza hii hesabu."

Adelaïde alichukua fishi, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango. Siku za Fifi ziliandikwa −19, −21, −18, −20, −19. Siku za Edmond zilifuatana: Jumamosi −20, Jumapili −20, Jumatatu −20, Jumanne −20. Wino mmoja, mlalo mmoja, kama vile kalamu haikuinuliwa.

"Hii mashine ikiwa na Fifi inapumua," alisema. "Ikiwa na Edmond inakauka kama picha. Papa Komanda, tufungue frigo."

Chumba cha nyuma kilikuwa kidogo, na groupe ilikuwa inatetemesha ukuta. Frigo ilikuwa nyeupe, ndefu kama jeneza la mtu mzima, na muhuri wa Komanda ulikuwa bado haujaguswa. Adelaïde aliandika saa na majina ya waliokuwepo, halafu akafungua. Baridi ikapanda. Upande wa kushoto, ngazi za mirija ya Masisi zilikuwa zimejaa. Upande wa kulia, ngazi nne tupu. Kwenye kona, nyuma, kulikuwa na kikombe cha plastiki chenye barafu.

"Hii ni ya nini?"

Fifi alisogea na mtoto begani. "Ile ni saa yangu."

"Saa?"

"Ku masomo ya jioni mwalimu alitufundisha. Unagandisha maji mu kikombe, juu yake unaweka kitu kizito. Barafu ikiyeyuka, kinazama. Hata umeme ikirudi na maji igande tena, kitabaki chini. Kwa hiyo unajua kama frigo ilikufa wakati hauko. Mwalimu alisema sarafu, lakini siku hizi nani iko na sarafu? Niliweka haragi. Kila asubuhi nikifika ninaiangalia, inakuwa juu, kavu."

"Jana uliangalia?"

"Jana niliona ngazi tupu, Mama Inspekta. Sikuangalia kitu kingine."

Adelaïde aliinua kikombe hadi usawa wa macho, akakigeuza kuelekea dirisha. Juu ya barafu hapakuwa na kitu. Akainama, akaangalia kwa chini. Haragi ilikuwa kwenye kitako cha kikombe, imefungwa ndani ya barafu, imevimba mara mbili, ngozi yake imepasuka upande mmoja.

"Papa Komanda, nyumbani kwako nani analoweka maharagi?"

"Bibi yangu. Swali gani hili?"

"Ikilala mu maji usiku mumoja, inakuwa namna gani?"

"Inavimba."

"Na ngozi?"

Komanda alikaribia, akaangalia na yeye. "Kwa baridi ya huku... ngozi ipasuke hivi... siku mbili. Siku tatu."

"Andika jina lako hapa, kwamba na wewe umeona."

Walitoka nje. Upande wa pili wa ua, juu ya jiwe, mama mmoja alikuwa anasafisha vibuyu vya maziwa na alikuwa hajifichi kwamba anasikiliza. Nyiransengimana alikuwa na ng'ombe sita na alikuwa jirani wa karibu kuliko wote.

"Mama, ile groupe inakusumbuaga?"

"Inanisumbua? Inaniua! Usiku na mchana, vuuu, vuuu. Ng'ombe wangu wamepunguza maziwa. Nimelala vizuri wiki iliyopita tu."

"Wiki iliyopita ilikuwa nini?"

"Ilinyamaza, siye? Tangu Ijumaa usiku. Jumamosi kimya, Jumapili kimya. Ningesikia panya akikuna. Ilirudi Jumatatu jioni, nikiwa nakama. Ng'ombe mmoja akapiga teke kibuyu kwa mshtuko, ukitaka ushahidi kiko hapa, kimepasuka."

"Ulimwambia nani?"

"Nani aliniuliza?"

Ilikuwa saa saba kasorobo Profesa Léonard alipofika. Gari lake jeupe lilipita katikati ya madimbwi bila kupunguza mwendo. Alikuwa na suti ya kijivu, viatu vimefungwa mifuko ya plastiki kwa ajili ya matope, na dereva wake hakuzima injini.

"Inspekta, ninashukuru kwa kazi yako, lakini kesi hii ni rahisi," alisema akiwa bado anatembea. "Mwezi ujao vyuo vyote vitatu vinatuma wakaguzi hapa. Lazima wakute jambo limeisha. Ninasikitika kwa ajili ya mtoto, kweli ninasikitika. Lakini tulimwamini mama huyu."

"Prof, wiki iliyopita mazutu, yale mafuta ya groupe, ilikuwa zamu ya chuo gani?"

"Zamu? Hayo ni mambo ya utawala. Kila mwezi chuo kimoja."

"Mwezi huu?"

"Chetu."

"Ilifika?"

"Nilikuwa Goma tangu Alhamisi mpaka Jumanne. Nilikuwa ninaeleza labo hii mbele ya watu wakubwa. Simu yangu ilikuwa imezimwa siku zote hizo, betri ilikufa. Kama kulikuwa na tatizo la mazutu, sikuambiwa."

Adelaïde aliwapungia mkono Komanda na Profesa wamfuate hadi chumba cha nyuma. Fifi alibaki mlangoni pa chumba. Ubavuni mwa frigo kulikuwa na kasanduku keusi kenye antena fupi.

"Fifi, hii inafanya nini?"

"Ni kengele, Mama Inspekta. Umeme ikikatika, inatuma mesaji ku simu ya mukubwa. Iko na pili yake ndani, betri ndogo."

"Ilikufa zamani," Profesa alisema haraka. "Miezi. Niliomba ingine."

"Simu ya mukubwa gani?"

"Namba iliandikwa na fundi aliyeifunga, mimi sijui ni..."

Adelaïde aliinama, akashika waya mnene wa frigo, akauchomoa ukutani.

"Unafanya nini!" Profesa aliruka. "Mirija themanini iko mule! Unaharibu kazi ya miaka miwili!"

"Iliisha kuharibika, Prof. Tungoje."

Taa ya kijani ya frigo ilizimika. Groupe iliendelea kunguruma nyuma ya ukuta. Komanda alikuwa amefungua mdomo, na hakuufunga. Mlangoni Naomie alianza kulia, Fifi akaanza kumbembeleza kwa kuimba bila maneno. Robo dakika. Nusu dakika.

Mfukoni mwa suti ya kijivu simu ikalia.

Ikalia mara ya pili, kipande kifupi cha muziki wa gitaa. Adelaïde alinyoosha kiganja. Profesa alimwangalia Komanda, kama vile mtu anavyomtafuta rafiki kwenye umati.

"Mupatie, Prof," Komanda alisema polepole.

Mesaji mpya ilikuwa juu: UMEME UMEKATIKA. FRIGO 1. Chini yake, kutoka namba ile ile, kulikuwa na nyingine. Ijumaa saa tano usiku. Jumamosi alfajiri, digri tisa chini ya sufuri. Jumamosi mchana, sufuri. Jumapili saa tano na nusu asubuhi, kumi na tisa juu. Zote zilikuwa zimefunguliwa.

"Jumapili saa tano na nusu ulisoma hii," Adelaïde alisema. "Saa sita ulipigia motari, ukaagiza fromaji. Betri ilifufuka kwa nusu saa?"

"Nilikuwa mbele ya watu mia mbili," Profesa alisema. "Nilikuwa ninawaambia kwamba tumeweza. Ningetoka kwenye jukwaa niwaambie frigo imekufa kwa kukosa mazutu? Nilidhani Edmond atapata mahali. Nilidhani..." Akajinyoosha. "Haidhuru. Tuseme imeharibika. Bado mirija sitini na nne imeibwa! Damu iliyoharibika pia ni mali ya vyuo. Huyu mama ndiye alikuwa na ufunguo. Komanda, hilo halijabadilika."

Komanda aliangalia saa yake. Hakupenda kuiangalia, lakini aliiangalia. "Iko na haki hapo, Mama Inspekta. Saa saba na nusu. Mirija iko wapi?"

Adelaïde alirudisha waya ukutani. Alitoka hadi mlangoni, akachuchumaa mbele ya Fifi.

"Dada, damu ikiharibika humu, sheria ya labo inasema nini?"

"Kuchoma. Mu ile tanuru ya nyuma."

"Nimesoma buku ya kuandikia tanuru: hakuna kilichochomwa wiki mbili. Sasa nisikilize. Mwizi wa kuuza angechukua yote, mia moja arobaini na ine. Muntu wa kuficha makosa angechoma yote. Huyu amechukua ya Walikale tu, ya Masisi ameiacha imepangwa vizuri. Mimi ni muntu wa Masisi, kwetu najua. Kwenu Walikale, damu ya kuzaa inafanywa nini?"

"Haichomwi," Fifi alijibu bila kufikiri. "Haitupwi pia. Ukichoma damu ya kuzaa, banasema homa haitamutoka mutoto. Inazikwa ku muguu ya ndizi, na muntu anataja jina ya mama. Bamama walituuliza wakati tunachukua: mukimaliza nayo mutaifanya nini? Tukasema..." Mkono wake uliokuwa unapapasa mgongo wa mtoto ukasimama. "Mama Inspekta."

"Mu hii labo, nani wengine ni watu wa Walikale?"

Fifi aligeuza kichwa upande groupe iliponguruma.

Nyuma ya jengo, kati ya tanuru na ua wa Nyiransengimana, kulikuwa na shamba dogo la ndizi. Majani makavu yalikuwa yameenea kila mahali, yameoza kwa mvua, isipokuwa kwenye migomba minne. Hapo yalikuwa yamekatwa mapya na kulazwa kwa mpangilio, ncha zikiangalia upande mmoja, magharibi, ambako vilima vinashuka kuelekea Walikale. Komanda alifunua jani moja kwa ncha ya kiatu. Udongo ulikuwa mwekundu, laini.

"Acha na kiatu, Papa," sauti ilisema nyuma yao. "Tafadhali. Nitafungua mwenyewe."

Edmond alikuwa mtu wa miaka hamsini, mwenye ovaroli iliyolowa mazutu na kichwa kilichonyolewa. Mikono yake ilikuwa wazi mbele yake, kama mtu anayeonyesha kwamba hana kitu.

"Anza na Ijumaa," Adelaïde alisema.

"Mazutu iliisha saa tano ya usiku. Nilingoja mpaka kulipambazuka, nikaenda Kitshanga na madumu mawili. Hakukuwa. Nikaendelea. Njia ikafungwa, bunduki zikatoa masasi mbele yetu, tukalala mu shule. Nilirudi Jumatatu jioni na dumu moja. Nikawasha. Nilipofungua frigo, yote ilikuwa maji, harufu. Nikajua imekwisha."

"Na fishi?"

"Nilijaza siku zote pamoja, na ile hesabu. Niliogopa. Jumanne mbele ya jua kutoka nikaenda ku tanuru nikawasha moto. Nikabeba ngazi ya kwanza. Nilisoma majina. Ni mimi nilitembea na Fifi kule, kijiji kwa kijiji. Wale bamama walinipatia chakula. Mikono ikakataa. Nikachukua jembe. Shimo moja kwa kila kijiji. Nikaita kila jina."

"Na ya Masisi?"

"Ya Masisi si yangu kuzika. Wenyewe hawakunituma."

Komanda alivua kofia yake, akaikung'uta ingawa haikuwa na kitu. "Muzee, ungechukua yote ao ungeacha yote, tusingekufikia. Umechukua za kwenu tu. Ni kama uliandika jina yako ku frigo."

"Sikufikiri frigo, Papa. Nilifikiri mashimo."

"Jana," Adelaïde alisema, "jana walipomshika huyu mama, ulikuwa wapi?"

Edmond aliangalia chini. "Pale ku groupe. Prof alikuya kuniona. Akasema: nyamaza. Ikijulikana frigo ilikufa, vyuo vitagawana, kila kimoja kitachukua mashine yake, na hakuna muntu atarudi tena kuuliza mutoto wa Walikale anaumwa nini. Akasema Fifi atatoka kisha mwezi moja. Nikanyamaza."

"Mwezi moja mu kasho, mu jela, na mutoto wa matiti," Fifi alisema. Alikuwa amewafuata. Hawakumsikia akija.

Adelaïde alitoa karatasi ya kusafirisha mshtakiwa, ile ambayo Komanda alikuwa ameisha kuisaini asubuhi. Alipiga mstari juu ya jina la Fifi, mstari mmoja, ulionyooka, akaandika chini yake majina mawili: la Profesa Léonard kwa mashtaka ya uongo na kuficha ukweli, la Edmond kwa fishi ya uongo. Akamrudishia Komanda. Komanda alisoma, akasaini tena kwa kuegemeza karatasi kwenye mgomba.

"Mama Naomie," alisema bila kumwangalia machoni, "uko huru. Unisamehe ile ya jana."

Fifi alikuwa anahesabu migomba kwa macho.

"Kaka Edmond. Ya Naomie iko mu shimo gani?"

Inspekta aligeuka. Hili halikuwa kwenye faili.

"Nilizalia kwa mama yangu, kule Walikale," Fifi alimweleza. "Nilianza na damu ya kitovu ya mutoto wangu mwenyewe, njo bamama wengine wakubali."

"Ya tatu," Edmond alisema. "Na bamama wa kwenu. Nilitaja jina lako, dada, sauti ikasikika."

Fifi alisogea hadi mgomba wa tatu. Alisimama pale akimpigapiga mtoto mgongoni. Mbele ya jengo jipu iliwashwa tena, na sauti ya Profesa ilisikika ikimdai dereva wake namba ya mtu fulani Goma, halafu mlango ukafungwa kwa nguvu.

"Damu yetu uliizika vizuri," alisema hatimaye. "Miye uliniacha juu."

Askari alikuwa amekuja kumshika Edmond mkono, naye alimpa bila kuvutwa.

"Ngoja, Papa," Fifi alimwambia askari. Halafu kwa Edmond: "Watakupeleka, utasema kweli, watakuuliza mara kumi utasema mara kumi. Ukitoka, usiende nyumbani. Unakuya hapa. Tutaenda Walikale, weye na miye, kijiji kwa kijiji, kama ile mara ya kwanza. Utawaambia mazutu iliisha. Utawaambia Prof alisoma mesaji. Utawaonyesha namna ulizika. Miye, kisha, nitaomba tena."

"Watakubali?" Edmond aliuliza. "Wataanza kutufukuza na mawe."

"Kuko bamama wenye wako na mimba sasa hivi. Nitawaomba hao."

"Na wakikataa?"

Naomie alikuwa amelala, mdomo wazi, maziwa yakimdondoka kidevuni. Fifi aliyafuta kwa kidole gumba.

"Wakikataa, bakatae wakijua," alisema. "Enda, kaka. Watu wa jipu wanakungojea."